Tupeane uzoefu: Siku mbili tatu kwenye mji wa kale wa Ulaya, ulizitumiaje?

Kokoto la Feri (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Kazini wananipeleka Brussels kwenye semina. Inaisha Alhamisi mchana, ndege ya kurudi Dar ni Jumatatu usiku. Viza ipo, bima ipo, posho ndiyo hizi za kubana. Jamaa yangu wa ofisini ameshanipangia: Paris, Amsterdam na Roma, "ukirudi una picha za mwaka mzima". Naona nikimsikiliza nitakuwa nimetembelea vituo vya treni tu. Waliowahi kupita huko kwa muda mfupi, si wanaoishi huko, tupeni mliyofanya wenyewe. Ya mitandaoni nimeshayasoma mpaka macho yanauma.

Fundi Zege
Mkuu, Roma iache, kutoka Brussels ni ndege na nusu siku nzima inakwenda. Ila nitakueleza nilivyoiendea mimi na mama watoto, maana mbinu yenyewe inafaa popote.

Tulichukua chumba kidogo katikati ya mji mkongwe. Ghali kuliko vya pembeni, lakini saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuko barabarani kwa miguu. Saa hiyo pale chemchemi ya Trevi unakutana na wafagiaji na maharusi wawili wanaopigwa picha. Njoo saa nne, maji huyaoni kwa vichwa vya watu. Kwa hiyo alfajiri tulifanya vya nje, milango ikifunguliwa tunaingia ndani, jua likiwa kali tunarudi kulala, jioni tunatoka tena.

Kilichonimaliza ni Pantheon, hekalu la kale. Kuingia tulilipa yuro 5. Kazi ya enzi ya Kaisari Hadrian, karibu miaka 1,900 iliyopita. Kuba ya zege tupu, haina nondo hata moja, upana wake mita 43 na ushee, na mpaka leo hakuna kuba ya zege isiyo na nondo iliyoishinda ukubwa. Siri yake ni kokoto. Chini wameweka nzito, kadiri kuba inavyopanda wanatumia nyepesi, kule juu kabisa ni jiwe la volkano lenye vitundu. Katikati wameacha tundu wazi, mvua inaingia ndani, na sakafuni wametoboa vijitundu vya kupitisha maji. Nilisimama pale nikiangalia juu mpaka mke wangu akaniuliza kama nasali.

Mengine kwa haraka. Maji usinunue, mitaani kuna mabomba ya kunywa bure kila pembe, beba chupa. Kahawa inywe umesimama kaunta, ukikaa mezani mara nyingi bei inapanda. Kanisa la San Luigi dei Francesi lina picha tatu za mchoraji Caravaggio na mlangoni hulipi kitu. Tiketi ya Colosseum ina saa yake, kata kabla hujatoka nyumbani. Na makumbusho ya Vatikani ni bure Jumapili ya mwisho ya mwezi, lakini ile foleni ni ghali kuliko tiketi.

Kokoto la Feri
Fundi umenikosha hapo kwenye nondo. Endeleeni wakuu.

Mkivinje
Mimi kwetu Kilwa Kivinje. Nilipita Lisbon, Ureno, nikitokea mkutanoni. Nitakuwa mrefu kidogo, mnivumilie.

Kila mtu aliniambia nipande tramu namba 28. Nilipoifikia watu wamebanana mlangoni na tangazo la kujihadhari na wachomoa mifuko limebandikwa juu yao. Nikaachana nayo, nikapanda Alfama kwa miguu. Huo mtaa kwa sehemu kubwa ulisalimika tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, vichochoro vyake mtu aliyezoea Mji Mkongwe wa Unguja hapotei. Ukishuka mtaa wa Baixa mambo yanabadilika ghafla, mitaa imenyooka na nyumba zinalingana kimo, kwa sababu pale palianguka pote pakajengwa upya kwa amri ya Marquis wa Pombal, waziri wa mfalme. Kwa nusu saa ya kutembea unaona mji kabla ya tetemeko na baada yake. Hulipi mtu.

Siku ya pili nikaenda Belém, kwenye monasteri ya Jerónimos. Ujenzi ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1500, na sehemu ya fedha ilitoka kwenye ushuru wa bidhaa za Afrika na Mashariki. Ukiingia kanisani, karibu tu na mlango, kuna kaburi la Vasco da Gama. Ndiye yule aliyefika Malindi 1498 akapewa rubani wa kumvusha mpaka India. Akarudi 1502 na meli za kivita, akatia nanga Kilwa na kumlazimisha mtawala wetu alipe kodi ya dhahabu. Watalii wanapiga picha jiwe lililochongwa vizuri. Mimi nilisimama pembeni, sikujua niweke uso gani.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoishia kula vile vitobosha vya maziwa na mayai (vitamu kweli, duka lenyewe lipo tangu 1837, sikatai). Mimi nilipanda basi mpaka Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes. Kuna chombo cha ibada cha dhahabu, urefu wake haufiki mita moja, kinaitwa Custódia de Belém. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka kioo, kila mmoja na sura yake, wametiwa rangi juu ya dhahabu. Kazi hiyo inahusishwa na sonara Gil Vicente, ikamalizika 1506. Dhahabu yenyewe ndiyo ile kodi. Na si maneno ya mwongoza watalii, imeandikwa kwenye kitako cha chombo chenyewe kwamba Mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa. Quiloa ni kwetu.

Dhahabu hiyo ilichimbwa bara, upande wa Zimbabwe ya leo, ikashuka bandari ya Sofala, ikapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa, ikaishia kuwa mitume wadogo kwenye kabati la vioo. Na mwaka 1505, kabla hata sonara hajamaliza, meli za Mreno Almeida zilikuwa zimeshaupora mji.

Nilikaa chumba hicho kimoja mpaka mlinzi akaanza kuniangalia. Makumbusho yenyewe ni makubwa, mengine sikuyaona na sijuti. Ila wewe angalia tovuti yao kwanza, nyumba kongwe hizi haziishi ukarabati.

Dada wa Songosongo
Mkivinje, nimesoma O-level nzima habari za Kilwa na hakuna mwalimu aliyetaja hiki chombo. Picha unayo?

Mkivinje
Ninayo ila taa za kabati zimeiharibu. Tafuta hilo jina mtandaoni, utaiona vizuri kuliko yangu.

Mtoto wa Kamalondo
Bandugu, jambo. Mimi ni wa Lubumbashi, naishi Ufaransa, Brussels huwa naenda kwa wajomba. Mwanzisha mada, wewe uko Brussels tayari, mbona unatafuta mbali?

Alhamisi jioni nenda Grand-Place usiku, taa zikiwaka. Majeshi ya Ufaransa yaliupiga mji huo mizinga mwaka 1695, uwanja ukateketea, mnara wa baraza la mji ukabaki umesimama. Nyumba zile za vyama vya mafundi zenye kung'aa dhahabu zilijengwa upya kwa miaka michache tu. Ukimaliza tembea mpaka Matonge, mtaa wa Wakongo, karibu na kituo cha metro cha Porte de Namur. Utakula pondu, chikwange na samaki, na lugha zetu utazisikia barabarani.

Asubuhi panda metro mpaka Montgomery, uchukue tramu namba 44 mpaka mwisho wa njia, Tervuren. Tramu inapita msituni, hiyo safari peke yake inatosha. Kule kuna makumbusho ya Afrika ya Kati, yaliyojengwa kwa mali ya Kongo ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Waliyafunga 2013, wakayafungua tena Desemba 2018 wakisema wamebadilisha namna ya kusimulia. Wamebadilisha kiasi. Sanamu za kutukuza ukoloni nyingine zimejengewa ndani ya kuta, hazitoki, kwa hiyo wameweka kazi za wasanii wa sasa mbele yake. Nenda ujionee kama imetosha.

Kisha usirudi moja kwa moja. Tembea mpaka kanisani pale mjini Tervuren. Mwaka 1897 walileta Wakongo 267 kuwaweka kwenye maonyesho, wakae kwenye vibanda watu wawaangalie. Saba walikufa. Makaburi yao yako pembeni ya kanisa, yamepangwa mstari mmoja, na majina yao yapo. Watu wa mabasi ya watalii hawafiki hapo.

Mwera wa Mtama
Mkipita Berlin mkamsalimie babu yetu wa Tendaguru. Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, mtaa wa Invalidenstraße, kituo cha treni ya chini kipo jirani kabisa. Mifupa ya dinosaria, kimo zaidi ya mita 13, ilichimbwa kwetu Lindi kati ya 1909 na 1913. Wazee wetu ndio waliochimba na ndio waliobeba mizigo ile kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Nilikwenda na mwanangu wa darasa la nne, akamwambia mlinzi kwa Kiingereza chake, "huyu ni wa kwetu". Mlinzi akacheka, akasema anajua.

Shangazi Mchikichini
Jamani, nawaheshimu wote, ila mtu anavuka bahari kwenda kuangalia vya kwao vilivyobebwa? Mimi nikienda kwa mtu naangalia vya kwake. Za kwetu zinaniuma, nazililia nikiwa nyumbani bure bila nauli.

Mwanangu Kokoto, panda treni uende Ghent. Nusu saa tu kutoka Brussels na umati si kama wa Bruges. Kanisa kuu la Mtakatifu Bavo lina picha ya madhabahuni ya ndugu wawili wa Van Eyck, ilimalizika 1432. Mbao nyingi zilizounganishwa, zinafunguka kama dirisha. Nilikodi ile mashine ya maelezo nikakaa. Majani tu ya pale chini unaweza kuyataja moja moja. Na visa vyake havina mwisho: askari wa Ufaransa waliibeba kwenda Paris, Wajerumani wakaificha kwenye mgodi wa chumvi Austria vita vya pili, na ubao mmoja uliibwa 1934 haujapatikana mpaka kesho. Uliopo mahali pake ni nakala.

Mkivinje
Shangazi, shikamoo. Mimi niliona vyao pia, monasteri sikuiruka.

Shangazi Mchikichini
Marahaba baba. Najua, nakuchokoza. Ile dhahabu na mimi ningekaa.

Mpemba wa Ruwi
Assalaam alaykum. Natokea Muscat, nilikwenda Andalusia, kusini mwa Hispania, na wazee wangu. Msikiti wa Córdoba, ambao leo ni kanisa kuu, ulianzishwa miaka ya 780. Tulikuta asubuhi mapema siku za kazi kuna saa ya kuingia bure, na muhimu kuliko ubure ni ukimya, nguzo zote zile na hamna makundi. Kuswali ndani hawaruhusu, msijaribu.

Alhambra ya Granada, ngome ya wafalme Waislamu wa zamani, ni habari nyingine. Tiketi huisha wiki nyingi kabla, ina jina lako na saa yako ya kuingia majumba ya Nasrid, na pasipoti wanaiangalia. Tuliona watu wanarudishwa mlangoni kwa kuchelewa. Mama yangu kasoma kutani "wa la ghaliba illa Llah" (hakuna mshindi ila Mungu) akawa anaihesabu kila ilipoandikwa, akaacha kuhesabu kabla hatujamaliza ukumbi wa kwanza.

Kwa wenye wazee: kitu kimoja asubuhi, kimoja jioni, basi. Mawe ya barabara zile yanatafuna magoti. Sarafu za choo ziwe mfukoni, vituo vingi wanalipisha.

Mwendo Kasi
Naona wote mnahubiri kukaa sehemu moja. Mimi nilifanya kinyume na nilifurahia. Brussels mpaka Paris ni saa moja na dakika ishirini hivi kwa treni ya kasi, Amsterdam ni kama saa mbili. Nililala hoteli hiyohiyo ya Brussels, Paris nikaenda asubuhi nikarudi usiku. Lakini sikugusa makumbusho ya Louvre. Nilitembea kando ya mto Seine kutoka Notre-Dame (imefunguliwa tena Desemba 2024 baada ya ule moto wa 2019, kuingia bure) mpaka jua lilipozama. Ukikata tiketi mapema ni nafuu, ukikata siku hiyohiyo bei inaweza kukutoa machozi.

Angalizo: kuna treni ya London pale Brussels pia, isikutamanishe. Uingereza wana viza yao, na kama ya kwako ya Schengen ni ya kuingia mara moja, ukitoka umetoka.

Kokoto la Feri
Wakuu nimewasoma wote. Ninavyopanga: Alhamisi usiku Grand-Place na Matonge. Ijumaa Ghent, Shangazi nimekusikia. Jumamosi Paris kwa mtindo wa Mwendo Kasi kama tiketi itakubali, Jumapili nalala na kutembea bila ramani. Jumatatu naacha begi kwenye makabati ya kituo nakwenda Tervuren, jioni uwanja wa ndege. Roma jamaa yangu aende mwenyewe. Lisbon naiwekea akiba.

Mtoto wa Kamalondo
Tervuren Jumatatu wanafunga. Geuza, iende Jumapili.

Kokoto la Feri
Duh. Nageuza.

Mwera wa Mtama
Berlin nako Jumatatu wamefunga, kwa yeyote anayesoma. Na maduka mengi Ujerumani Jumapili hayafunguliwi, nunua mkate Jumamosi.