Tiketi ya United, ndege ya SkyWest: fedha zinamwendea nani?

Msafiri wa Iowa
Wanajukwaa, salaam. Kila ninaporuka kutoka Chicago kwenda miji midogo ya jirani, tiketi yangu huwa ya United na ndege huwa na rangi za United, ila maandishi madogo karibu na mlango husema kwamba mwendeshaji ni SkyWest. Shirika hilohilo la Utah huruka pia kwa niaba ya Delta, American na Alaska, ambao ni washindani. Naomba mwenye ujuzi anifafanulie: nauli yangu inamfikia nani, na kwa nini United isiendeshe safari hizo yenyewe?

Mhasibu Mstaafu
Ndugu Msafiri, katika mikataba iliyoenea zaidi nauli yote huingia United. United ndiyo inayopanga ratiba, kuuza viti, kuweka bei na kugharimia mafuta. SkyWest huleta marubani, wahudumu na mafundi, na mara nyingi ndege zenyewe, kisha hulipwa kiasi kilichokubaliwa kwa kila safari na kila saa ya kuruka, pamoja na nyongeza au makato kulingana na inavyotimiza ratiba. Wakipanda abiria kumi au sabini, malipo yake ni yaleyale. Kwa hiyo hatari ya biashara yote iko kwa mkubwa.

Sababu ya kutoendesha yenyewe ni mishahara. Marubani wa mashirika makubwa, wakijua kwamba kazi yao ingeweza kuhamishiwa kwa wanaolipwa kidogo, walidai mikataba yao ya kazi iwe na kifungu kinachoweka mipaka: ndege za kikanda zisizidi viti 76, wala uzito wa kuruka wa kilo 39,000 hivi. Kifungu hicho kimefika hadi viwandani. Embraer, kampuni ya Brazil inayounda ndege, ilibuni toleo jipya la E175, ndege yake ya kikanda, lenye injini zinazotumia mafuta kidogo, lakini toleo hilo likawa zito kupita kiwango, na mashirika ya Marekani yameendelea kununua lile la zamani.

Kipanga
Mzee wangu, kuhusu mafuta nakubaliana nawe, lakini si kweli kwamba mdogo habebi hatari. Hatari yake ni mkataba wenyewe. Atlantic Coast Airlines, shirika dogo kama SkyWest, iliruka kwa niaba ya United kutoka uwanja wa Washington Dulles. United ilipoomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 2002 na kutaka masharti nafuu, Atlantic Coast iliona heri kujitegemea. Juni 2004 ikaanza upya kwa jina la Independence Air, ikiwa na ndege za viti 50. Abiria waliokuwa wakizijaza ndege hizo walikuwa wa United, wakiunganisha safari ndefu za United, na United haikuondoka Dulles. Vita vya nauli vikaanza, mafuta yakapanda, na gharama ya safari nzima ikagawanywa kwa viti 50 tu. Januari 2006 shirika likafungwa. ExpressJet, shirika jingine la kikanda, nayo ilipoteza mkataba wake na United mwaka 2020, ikabaki bila kazi.

Hata hoja ya mishahara imepungua nguvu. Baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo mwaka 2009, iliyoua watu 50, sheria ilibadilishwa, na tangu 2013 rubani msaidizi kwa kawaida hutakiwa kuwa na saa 1,500 za kuruka. Marubani wakaadimika, hata ikafika mwaka 2022 Envoy na Piedmont, mashirika ya kikanda yanayomilikiwa na kampuni mama ya American, yakawalipa marubani wasaidizi wapya dola 90 kwa saa.

Msafiri wa Iowa
Nawashukuru. Je, Precision Air na Kenya Airways zilikuwa na utaratibu kama huu?

Mwenyeji wa Kipawa
Hapana, uhusiano wao ulikuwa wa hisa. Kenya Airways ilinunua asilimia 49 ya Precision mwaka 2003, na sehemu hiyo ikapungua hisa zilipouzwa kwa umma mwaka 2011. Precision imeendelea kuuza tiketi kwa jina lake na kununua mafuta yake, hivyo kiti kitupu ni hasara yake yenyewe. Hata Jambojet, iliyoanzishwa na Kenya Airways na kuanza kuruka mwaka 2014, huuza nauli zake nafuu kwa jina lake.