Purdue ya 2023: lawama ni za magadi au za kocha?

Mleta mada:
Wakuu, naomba hili tulijadili vizuri maana kila Machi ikifika, kikapu cha vyuo Marekani kikianza mtoano, naona ile mechi ya Purdue inafukuliwa tena na mzigo wote wanabebeshwa wale madogo wawili, Braden Smith na Fletcher Loyer, magadi wao (gadi ni mchezaji wa nje anayepandisha mpira na kurusha kutoka mbali). Kwa ambao hawakufuatilia, Purdue ni chuo cha Indiana, mwaka 2023 walipangwa namba 1 kwenye kundi lao la timu 16, yaani wenye nguvu kuliko wote, na walikuwa na Zach Edey, senta (mtu mrefu wa chini ya kikapu) wa futi 7 na inchi 4, mchezaji bora wa nchi nzima. Tarehe 17 Machi pale Columbus, Ohio, wakapigwa 63-58 na Fairleigh Dickinson waliopangwa namba 16, timu fupi kuliko zote za daraja la kwanza, gadi wao Demetre Roberts ana futi 5 na inchi 8! Na hao hata ubingwa wa ligi yao hawakuchukua, waliingia kwa vile Merrimack waliowafunga fainali walikuwa bado hawaruhusiwi kwenda.

Purdue siku ile walirusha mitupo ya pointi tatu 26, zikaingia 5. Walipoteza mpira mara 16. Edey yeye alimaliza na pointi 21 na ribaundi 15 (mipira iliyokosa kikapu akaidaka), ndo maana watu wanasema jamaa kafanya kazi yake, magadi ndo walioangusha nyumba.

Mi nakataa. Nimecheza gadi ligi ya mkoa miaka mingi na najua kile kitu kinavyokuwa. Timu ikiwa na mtu mrefu, mazoezi yote ni "mpe mkubwa, mpe mkubwa", we gadi ukirusha mbili zikikosa unaangaliwa kama mwizi, kwahiyo unazoea kutoa tu. Alafu inakuja mechi ambayo wapinzani wamemzunguka mkubwa, mmoja mbele yake anazuia pasi mwingine mgongoni, na wewe wamekuacha wazi makusudi kabisa, rusha tuone. Mkono unakuwa mzito kama umebeba ndoo. Sasa hao walikuwa watoto wa mwaka wa kwanza chuoni, wote wawili wanaanza, na Fairleigh Dickinson wakawaletea presi, yaani kuwabana uwanja mzima. Shambulizi lenye mlango mmoja likifungwa mlango huo unamlaumu vipi aliyesimama nje? Kocha Matt Painter ndo aliyeijenga nyumba ile.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu nakuheshimu ila umeruka kitu. 2022 Purdue hao hao walikuwa na Jaden Ivey, gadi wa moto, miezi michache baadaye akachukuliwa wa 5 kwenye uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kubwa ya kulipwa, na bado walitolewa na Saint Peter's namba 15, 67-64. 2021 wametolewa na North Texas namba 13. Kwahiyo wakiwa na gadi mkali wanatoka, wakiwa na magadi wachanga wanatoka. Alafu tatu 26 nyingi zilikuwa wazi, mchezaji wa chuo cha daraja lile akiachwa wazi atie, hamna cha mzigo wala nini. Kocha hawezi kuingia uwanjani kurusha.

Mleta mada:
Kaka hapo kwa Ivey umenishika, sikatai. Ila angalia mechi ile tena, Purdue walipoteza mpira mara 15 dhidi ya Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City. Ivey alikuwa mtu wa kukimbia na kuruka, wa kupanga mashambulizi hakuwa yeye, na kocha hakumtafutia wa kumsaidia kubeba mpira. Yaani unanipa ushahidi wangu mwenyewe, miaka mitatu mfululizo ugonjwa ni ule ule, wachezaji wanabadilika, kocha habadiliki.

Na alipobadilika tuliona. Msimu uliofuata alimleta Lance Jones kutoka Southern Illinois, gadi mkubwa kiumri asiyeogopa presi, na wale madogo wakapewa ruhusa ya kurusha bila kuangalia benchi. Mwaka wa aibu walikuwa wanatia tatu kama asilimia 32, mwaka uliofuata wakafika 40, karibu watu wale wale. Vidole havikubadilika ndani ya miezi sita, kilichobadilika ni walichoambiwa. Wakaenda mpaka fainali ya taifa.

Mchangiaji wa pili:
Naomba niongee kama Mtanzania, maana wengi tulianza kufuatilia hii mambo kwa sababu ya Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu. Mnakumbuka 2009 yuko UConn, chuo cha Connecticut, futi 7 na inchi 3, beki bora wa ligi yao ya Big East mara mbili? Walifika nusu fainali Detroit wakafungwa na Michigan State 82-73. Mwezi wa pili walikuwa wameshampoteza gadi wao Jerome Dyson kwa goti, na gadi mwingine, Kemba Walker, ndo kwanza mwaka wa kwanza. Hasheem akaondoka, 2011 Kemba kakomaa akabeba kombe. 2014 Shabazz Napier, gadi tena, timu imepangwa namba 7, kombe. Chuo kile kile jamani.

Mleta mada:
Dada umenikumbusha machungu, ile nusu fainali niliiamkia usiku. Na malizia hapo hapo kwa UConn, maana fainali ya 2024 pale Glendale, Arizona, Purdue walikutana na nani? Edey alifunga 37. Thelathini na saba! Timu nzima ikafunga 60, kwahiyo waliobaki wote 23. UConn walimwachia mtu mmoja tu kwa Edey, wakasema funga utakavyo, wengine wote wakawaganda magadi kwenye mstari wa tatu. Timu iliyokuwa inatia asilimia 40 ikarusha tatu 7 tu mechi nzima, ikaingia 1. Wakafungwa 75-60, na gadi Tristen Newton wa UConn akatia 20 akachukua tuzo ya mchezaji bora.

Mchangiaji wa kwanza:
Sasa si umejipinga? Hapo magadi hawakuachwa wazi, walibanwa, na bado shambulizi likafa. Tatizo ni wao.

Mleta mada:
Hapana kaka, hapo ndo penyewe. 2023 wameachwa wazi wakaogopa, 2024 wamebanwa na hamna mpango wa pili isipokuwa mpe Edey tena. Vyote viwili vinapangwa mazoezini, sio saa ya mechi. Na Edey alipoenda Memphis ya NBA, klabu ile ile iliyomchukua Hasheem, Smith akapewa timu yote mkononi, 2025 akawa mchezaji bora wa Big Ten, ligi ya Purdue, na Purdue wakatolewa na Houston kwa 62-60 tu, kikapu cha sekunde za mwisho.

Mchangiaji wa pili:
Mi nafundisha wasichana, nina mmoja mrefu sana na kila mzazi ananiuliza mbona hapewi mpira. Wiki hii naanza mazoezi ya nusu saa yeye akiwa amekaa benchi, wadogo wapande na mpira peke yao.

Mleta mada:
Waongezee mabeki sita dada, wawe wengi kuliko wao. Nilifanyiwa hivyo nikiwa na miaka 16, nililia wiki ya kwanza.