Tupeane uzoefu: kuungama, msongo wa mawazo na uponyaji wa mwili

Mleta mada, Dodoma

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Na kwa ndugu zetu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Andiko la Yakobo 5:16, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa", husomwa mara kwa mara katika ibada za maombezi, lakini ni nadra kumsikia mtu akieleza kwa utulivu jinsi lilivyomkuta yeye mwenyewe akiwa mgonjwa kweli, mwenye kadi ya kliniki na dawa kando ya kitanda. Shuhuda tunazozisikia madhabahuni huwa fupi, na huishia mahali pazuri. Hapa ningependa tusikie hata zile ambazo hazikuishia pazuri.

Daudi katika Zaburi ya 32 anasema, "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa kwa kuugua kwangu mchana kutwa", na kila ninapoisoma naona anazungumzia mwili hasa, wala si fumbo tu. Mwenye kisa na aeleze alimwungamia nani, mwili wake ulibadilika vipi kama ulibadilika, na dawa alizifanyaje. Tafadhali tusitaje majina ya wachungaji, mapadre, makanisa wala hospitali. Atakayetaka kubishana kuhusu madhehebu afungue mada yake.

Mkulima wa kihamba, Machame

Nashukuru kwa mada. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, na Katekisimu Ndogo tuliyokariri wakati wa kipaimara ina sehemu nzima kuhusu kuungama, ingawa wengi wetu tukishabarikiwa hatuikumbuki tena.

Kisa changu ni cha mpaka. Baba alipofariki tuligawana kihamba, yaani shamba la ukoo, mimi na kaka yangu mkubwa, na kwa kuwa yeye alikuwa kazini Tanga, mimi nilihamisha masale kidogo kidogo kuelekea upande wake. Kwa wasiotoka kwetu: sale ni mmea tunaoupanda mpakani, na ndio huohuo anaoushika mtu anayekwenda kuomba radhi, na aliyepelekewa sale huona vigumu sana kukataa kusamehe. Kwa hiyo nilidhulumu kwa kutumia mmea uleule wa kuombea msamaha, na nililijua hilo siku zote.

Miaka ilipita na kaka hakusema neno. Usingizi ulinitoka, nilikuwa naamka saa tisa za usiku moyo ukienda mbio na kisogo kikiuma, na kila Krismasi aliporudi nyumbani nilitafuta sababu ya kutokuwepo. Zahanati walinipima presha wakakuta 170 kwa 105, nikaanzishiwa vidonge. Nilipomweleza mzee mmoja wa kanisa, nilitarajia aniombee tumalize. Badala yake aliniuliza, "Mwenye shamba umemwambia?" Nilikasirika nikaondoka, na ilinichukua muda mrefu kumwendea kaka, wakati wa Pasaka, nikiwa na sale mkononi na mjomba wetu kama shahidi. Kaka akasema alijua tangu mwanzo. Tulirudisha mpaka, akanitoza mbuzi, nikatoa.

Usingizi ulirudi ndani ya wiki ileile, na nasema hivyo bila kutia chumvi. Maumivu ya kisogo nayo yalipungua. Presha ilishuka kiasi, lakini haikuisha, maana hata marehemu baba alikuwa nayo, na mpaka leo nameza kidonge kila asubuhi. Ninapotoa ushuhuda kanisani huwa naitaja na sehemu hiyo ya kidonge, ingawa naona haiwafurahishi watu.

Muuguzi mstaafu, Mwanza

Kaka wa Machame, alichokuuliza mzee yule ni jambo la maana hata kitabibu. Mwili unapohisi hatari, tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini na kotisoli. Mapigo ya moyo huongezeka, mishipa hubana, sukari hupanda katika damu. Hali hiyo ni msaada ukikutana na nyoka shambani. Inapoendelea mwezi baada ya mwezi kwa sababu ya jambo ambalo mtu anaogopa lisifichuke, huvuruga usingizi, hupandisha presha na kudhoofisha kinga ya mwili. Kuombewa huku unaendelea kumkwepa kaka yako kusingekiondoa kile chanzo cha hofu.

Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo waliandika kwa dakika 15, siku nne mfululizo. Walioandika kuhusu matukio yaliyowaumiza, wakaeleza tukio pamoja na hisia zao, walikwenda kwenye kituo cha afya mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba faida hiyo ni ndogo, na si ya kila mtu. Mimi kama Mkristo ninaona kwamba karatasi inaweza kukupunguzia mzigo, lakini karatasi haiwezi kukuambia umesamehewa.

Hata hivyo, naomba tusidai kwamba kila ugonjwa huletwa na moyo mzito. Mdogo wangu aliteseka na vidonda vya tumbo, na kila mtu, nami nikiwemo mwanzoni, alisema ni mawazo kwa sababu ya ugomvi wake na mawifi. Aliungama hasira zake kwenye kikundi cha maombi, wakapatana wote, akafurahi, na tumbo likaendelea kuuma. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walishaonyesha tangu miaka ya 1980 kwamba vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Marshall alifika hatua ya kuwanywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 ili athibitishe, na mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Mdogo wangu alipopimwa alikutwa nao, akapewa antibiotiki za wiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, akapona. Amani na mawifi ipo, na ni baraka, ila haikuwa dawa ya bakteria.

Mama wa watoto wanne, Nakuru

Nimesita kuandika, kwa kuwa ninyi mnazungumza kuhusu waliokosa kweli. Mtoto wangu wa pili ana seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Akishikwa na maumivu ya mifupa hulia usiku kucha, na katika kanisa tulilokuwa tukiabudu wakati huo niliitwa chumbani na waombaji, nikaambiwa kwamba kuna dhambi niliyoificha na kwamba mtoto hatapona mpaka niitaje. Niliungama yote niliyoyakumbuka, tangu utoto. Wakasema bado. Mwishoni nilikiri jambo ambalo sikulitenda, ili tu waniachilie nikamwangalie mtoto, na tangu siku ile ni mimi niliyeanza kuumwa: tumbo, mapigo ya moyo, kushindwa kula.

Daktari wa kliniki ndiye aliyenieleza kwamba mimi na mume wangu kila mmoja amebeba nakala moja ya chembe ya urithi ya ugonjwa huo bila kujua, na kwamba kwa wazazi kama sisi, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuzaliwa na seli mundu. Hakuna aliyetenda kosa. Wanafunzi wa Yesu walipouliza kuhusu yule aliyezaliwa kipofu, jibu lilikuwa, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake" (Yohana 9:3), na sielewi kwa nini mstari huo hausomwi pamoja na ule wa Yakobo. Mtoto sasa yuko kwenye dawa ya haidroksiurea na maumivu yamepungua sana. Kanisa tulibadilisha.

Mleta mada, Dodoma

Mama, pole sana. Nimeurudia ule mstari wa Yakobo baada ya kukusoma. Aya ya 15 inasema, "hata ikiwa amefanya dhambi, atasamehewa." *Hata ikiwa.* Yakobo mwenyewe hakuchukulia kwamba kila mgonjwa ana dhambi iliyomlaza. Na anayeagizwa kuita wazee ni mgonjwa. Hakuna mahali wazee wanapoagizwa kumfungia mgonjwa chumbani.

Katekista, Songea

Tumsifu Yesu Kristo. Kwetu Wakatoliki mambo haya mawili yametenganishwa, na nadhani utengano huo unamlinda mtu kama Mama wa Nakuru. Kitubio ni sakramenti ya kuondolewa dhambi, Mpako wa Wagonjwa ni sakramenti nyingine, na hakuna sharti kwamba ya kwanza izae afya ya mwili. Aidha, padre hana ruhusa kwa sababu yoyote ile kufichua alichoungamiwa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 983, inaitaja siri hiyo kuwa haivunjwi. Anayeungama hana haja ya kuogopa kwamba kesho jumuiya ndogondogo nzima itajua.

Tatizo letu ni jingine. Wazee wengi bado wanauita Mpako wa Wagonjwa "mpako wa mwisho", ingawa Papa Paulo VI aliirekebisha ibada yake mwaka 1972 na Kanisa linafundisha kwamba ni kwa ajili ya yeyote mwenye ugonjwa mzito au anayedhoofishwa na uzee, hata kama hayuko kufani. Baba yangu mdogo alipomwona padre akiingia wodini na mafuta, alipiga kelele kwamba tumeshamzika.

Mimi mwenyewe niliomba kitubio na mpako kabla ya kufanyiwa upasuaji wa tezi dume. Nilikuwa na deni la kale la uchungu dhidi ya mtu aliyenisingizia kazini, nikalitaja. Usiku ule nililala, wakati jirani yangu wodini alikesha akihesabu matone ya dripu. Upasuaji ulifanyika vilevile, kidonda kikauma vilevile. Sikuponywa bila kisu, ila niliingia chumba cha upasuaji bila kutetemeka.

Ndugu wa uamsho, Bukoba

Namheshimu Katekista, lakini sisi tumelelewa katika njia ya wazi. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, baada ya daktari mmisionari Joe Church na Simeoni Nsibambi wa Uganda kukutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, ulitufikia huku Buhaya kabla ya muongo ule kwisha, na alama yake ilikuwa watu kusimama mbele ya ndugu na kuweka maisha yao nuruni: wizi, uzinzi, chuki za kikabila, yote. Babu yangu alirudisha jembe la mzungu wa misheni. Nimewaona watu wakitoka kwenye ushirika wakiwa wepesi, wakila chakula baada ya majuma ya kutokula, na sitakubali kuambiwa kwamba ni kelele tu.

Lakini nimeona na mengine. Kijana mmoja wa kwetu alisimama akaungama mahusiano yake na mke wa mtu, akamtaja. Yeye akapata amani. Yule mama akapata kipigo, na ndoa ikavunjika. Baada ya hapo wazee wetu waliweka utaratibu kwamba jambo linalomgusa mtu mwingine huletwa kwanza kwa wazee wawili faraghani, na halitajwi mbele ya ushirika bila ridhaa ya huyo mwingine. Wapo waliolalamika kwamba tumeuzima moto. Mimi nauunga mkono utaratibu huo kabisa, kwa kuwa amani ya anayeungama haiwezi kununuliwa kwa mwili wa mwenzake.

Mwalimu, Tabora

Langu ni fupi. Niliungama, nikarudisha fedha za mfuko wa shule nilizokopa bila ruhusa, nikapokea adhabu. Kisukari kiko palepale. Sijutii.

Mleta mada, Dodoma

Kuna ndugu ameniandikia pembeni. Anasema baada ya kupatana na mkewe na kuombewa amepima presha akakuta 128 kwa 80, na ameshauriwa na wenzake katika maombi aache vidonge kama tendo la imani. Dada Muuguzi, unasemaje?

Muuguzi mstaafu, Mwanza

Mwambie kipimo hicho amekipata akiwa anatumia vidonge, kwa hiyo kinaonyesha kwamba vidonge vinafanya kazi, pengine pamoja na utulivu wa nyumbani. Hakionyeshi kwamba havihitajiki tena. Tuliokuwa kazini mwaka 2011 tunakumbuka safari za kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, na wapo waliorudi huko wakaacha dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Baadhi tuliwapokea tena wodini wakiwa hoi.

Apime asubuhi na jioni kwa wiki moja, akiwa amekaa na kupumzika dakika tano kabla ya kufunga mkanda wa mashine, aandike vipimo vyote kwenye daftari, kisha alipeleke kwa daktari wake wa kliniki na kumweleza wazi kwamba anatamani kupunguza dawa. Daktari anaweza kukubali kupunguza taratibu huku akimfuatilia. Na huyo mkewe aende naye, maana wanaume wengi wakifika kliniki huficha nusu ya maelezo.