Kikwembe (kitenge) na baridi ya Masisi: tupeane uzoefu

Dada wa Katindo
Leo asubui nimeona bibi arusi wanamupandisha mu motoka ya kwenda Mushaki, kule ku milima ya Masisi, bega moja inje, mushanana (nguo ya sherehe ya kufunga ku bega) nyepesi kama pazia, nikasikia baridi miye mwenye nilikuwa nasimama tu kando ya barabara. Mwaka jana nilienda dote (mahari) kule, nimetoka Goma na jua, libaya (blauzi) ya mikono mifupi na kikwembe, tukapita Sake mawingu ikashuka, saa kumi sahani ya bugali inatetemeka mu mikono. Nyie munavaaka nini kule juu? Tupeane uzoefu.

Mutoto wa Birere
Mushaki! Kabisa dada. Ile baridi inaingiliaka ku miguu.

Lushois 100%
Baridi ya kweli iko Lubumbashi mwezi wa sita na wa saba. Muje mulale kwetu.

Motari wa Ndosho
Mukubwa, Lubumbashi iko mita 1,200 na kitu, Goma tu karibu 1,500, Masisi ya juu inapita 2,000. Ukipanda mita 1,000, digrii kama 6 zinapunguka.

Lushois 100%
Kwetu hakuna mawingu ile miezi, joto yote ya muchana inapanda usiku. Ukiamuka kuchota maji utanielewa.

Mama wa Majengo
Muniachie niseme ju hii imenirudisha mbali. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, volkano ya Nyiragongo imetapika, mbingu nyekundu, tukakimbia kwa miguu mupaka Sake, na kesho yake tukaendelea kupanda ju shangazi ya bwana yangu alikuwa anakaa kule milimani. Mutoto alikuwa na miezi ine, niko namubeba mu mugongo na vikwembe mbili, na mwanzo tulikuwa sawa kabisa, joto yake na yangu ni moja. Njo mvua ikatukuta. Kikwembe ikalowa, ikawa nzito, ikashikamana na ngozi, na miye nilizidi kuikaza nikizani namufunika, kumbe namufunga ndani ya maji. Akaacha kulia. Nilitaka kumushusha, vidole vimekufa, fundo haifunguki, nikaivuta na meno. Miguu yake ilikuwa ya bluu, nikapiga makelele, kumbe bluu ingine ilikuwa rangi ya kikwembe imetoka, lakini ilikuwa baridi kama jiwe ya mutoni. Shangazi hakuuliza kitu. Alimuvua yote, akamupangusa, akafungua libaya yake akamuweka kifua kwa kifua, akafunika na blangeti kavu ya sufu pamoja na kichwa. Kisha muda murefu mutoto akatafuta ziwa anyonye. Sijalia vile tena mu maisha.

Mutoto wa Birere
Pole sana mama. Mutoto ni muzima??

Mama wa Majengo
Yuko, Mungu ni mwema. Anakimbia kuliko wote.

Mushi wa Kadutu
Lakini kikwembe si nguo ya asili. Wax, ile pamba ya maua, ni ya Waholanzi, kampuni yao Vlisco ilianza mu muji wa Helmond 1846. Wazee wetu wa milimani walivaa ngozi ya ng'ombe, na ngozi inakata upepo.

Dada wa Katindo
Bibi yangu alizaliwa na kuzikwa mu kikwembe. Ni yetu.

Motari wa Ndosho
Miye naweka karatoni ku kifua chini ya jakete. Na kasiksi (pombe ya ndizi) kidogo.

Muforomo wa Himbi
Kasiksi hapana ndugu! Pombe inaleta damu ku ngozi, unasikia moto kumbe joto ya ndani inatoka. Na kikwembe haina kosa: ikiwa kavu, ukivaa tatu tatu, hewa ya katikati ndiyo inakutunza. Pamba ikilowa, ile hewa inaondoka, maji inakunywa joto. Sufu hata ikilowa inasaidia kidogo.

Mushi wa Kadutu
Basi uvae trikoti (sweta) ndani, kikwembe juu.

Dada wa Katindo
Trikoti chini ya mushanana? Itaonekana ku bega.

Mama wa Majengo
Ionekane. Na ubebe kikwembe ingine kavu ndani ya sashe (mufuko wa plastiki), uifunge vizuri. Siku hizi sitoki bila ile.