Vipimo vya mwakisiko (mawimbi ya redio yanayorudi yakigonga kitu) vinaharibika pembe ikizidi

Kijana wa Fuoni:
Asalaam alaykum. Nina sahani ya duara yenye vipande vya shaba, kipenyo sentimita 30, ya kugeuza mawimbi ya gigahezi 10. Antena zote mbili, ya kutuma na ya kupokea, ziko mita 2 kutoka kwenye sahani. Mawimbi yakiigonga kwa pembe ya digrii 20 kutoka mstari ulionyooka mbele yake, vipimo safi. Nikifika 60 namba zinaruka kama dagaa. Nakosea wapi?

Bi Antena:
Waalaykum salaam, mwanangu. Kipenyo kipeo cha 2, zidisha kwa 2, gawa kwa urefu wa wimbi lako, sentimita 3: unapata mita 6, ndio umbali wa chini wa antena ili mawimbi yafike yamenyooka. Mita 2 zako hazitoshi.

Mpemba wa Mkoani:
Na kwenye 60 antena zinaanza kutazamana, mawimbi yanakwenda moja kwa moja toka moja hadi nyingine bila kupitia sahani. Ondoa sahani, pima patupu.

Kijana wa Fuoni:
Lahaula! Namba zilezile karibu.

Bi Antena:
Sasa weka bati tupu la ukubwa uleule, liwe rejeo, yaani la kulinganishia vipimo vya sahani yako.