Miguu inamwaka moto mama usiku: hizi sindano za peptidi zikoje?

Mtoto wa Pangani
Wakuu habari za jioni. Mama yangu ana kisukari mwaka wa kumi na moja sasa. Usiku miguu inamwaka moto mpaka anashuka kitandani kuiweka kwenye sakafu ya saruji. Shuka likimgusa tu, anaruka. Panadol haimsaidii kitu. Bro aliyeko Dubai kaona mtandaoni vichupa vya peptidi (vipande vidogo vya protini), unga unachanganya na maji unadunga. Tangazo linasema panya walioumizwa neva walipata nafuu. Tunataka kumchangia. Kuna aliyewahi kutumia?

Mla Mihogo
Panya wa kwangu wanakula sumu na wananenepa, mkuu. Mimi nisingewaamini.

Mfamasia wa Kona
Utani pembeni. Peptidi kutuliza maumivu ya neva, kama hayo ya kisukari, si uongo. Ipo zikonotaidi, imeigwa kutoka sumu ya konokono wa baharini, Conus magus. Marekani waliipitisha Desemba 2004. Inaziba milango ya kalsiamu ambayo neva hupitishia habari ya maumivu kwenye uti wa mgongo. Ila si ya kujidunga nyumbani: inaingizwa kwa pampu kwenye maji ya uti wa mgongo, na inaweza kumvuruga mtu akili. (Ndugu za konokono huyo wapo huku kwetu pwani. Ukiona kombe zuri lenye umbo la pia, usilitie mfukoni likiwa hai.)

Sasa hao panya. Maabara wanaifunga uzi neva kubwa ya mguu, kisha wanamgusa wayo kwa unywele wa plastiki waone atarudisha mguu kwa mguso wa nguvu gani. Waaustralia walikuwa na peptidi iitwayo Vc1.1, ya konokono mwingine, kwa panya ilitia fora. 2007 wakaiacha, tayari ikiwa inajaribiwa kwa watu: kumbe kipokezi (pale dawa inaposhika mwilini) cha binadamu hakiitikii kama cha panya. Na hiyo ilikuwa dawa safi, iliyopimwa. Kichupa cha bro kimeandikwaje?

Mtoto wa Pangani
Nimeikuza picha. Maandishi madogo chini: kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Duh.

Mama Zuhura
Pole mwanangu, nayajua hayo. Mimi daktari alinipa amitriptilini, kidonge kimoja usiku. Wiki ya kwanza mdomo mkavu na asubuhi kichwa kizito, lakini nalala. Kama mama ana shida ya moyo aseme kwanza. Na msimwekee maji ya moto! Mimi nilitoka na malengelenge mawili, sikusikia hata kidogo.

Mfamasia wa Kona
Mama anameza metfomini, ile dawa ya kisukari? Ikitumika miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, na upungufu huo nao unaunguza miguu. Muulizeni daktari kuhusu kumpima B12.

Mtoto wa Pangani
Nimempigia mama. Metfomini anayo tangu agundulike. Na kumbe habari ya miguu hajawahi kuisema kliniki, alijua ni uzee. Jumanne ana tarehe, nakwenda naye. Bro nimemwambia hela aishike kwanza.