Ushauri: mwanangu (16) ameitwa akademi ya raga huku Yorkshire, baba yake hataki

MamaWaWatatu:
Habari za jioni wanajamvi. Tunaishi West Yorkshire, mimi na mume wangu asili yetu Tanga, watoto wamezaliwa huku. Kijana wangu wa pili anamaliza GCSE (mitihani ya mwisho wa sekondari) na klabu moja ya Super League, ligi kuu ya raga huku, imemwita kwenye akademi yake mpaka afike 18. Ni ile raga ya wachezaji 13, anaicheza tangu shule ya msingi. Baba yake anasema huo si mpango wa maisha, aende akasomee uhasibu. Sasa hivi hawasemeshani, mimi niko katikati. Juzi baada ya mechi nimemkuta bafuni amejitumbukiza kwenye maji ya barafu, sikio limevimba kama andazi, na anatabasamu. Umbo lake dogo, anacheza hooker, yaani katikati ya mstari wa mbele kwenye skramu. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii.

Mzee wa Headingley:
Dada, suala la umbo liondoe kabisa. Rob Burrow alikuwa na futi 5 na inchi 5, akaichezea klabu ya Leeds Rhinos kuanzia 2001 hadi 2017 na kubeba ubingwa wa Grand Final, fainali ya Super League, mara 8. Wanaume wa kilo 110 walikuwa wanamkimbiza hawampati. Kevin Sinfield naye aliingia kikosi cha kwanza cha Leeds akiwa na miaka 16, mwaka 1997, akawa nahodha mpaka alipoondoka 2015. Mwacheni mtoto aende.

Nesi Bradford:
Mzee, umetaja waliofika kileleni tu. Mama amuulize kijana kama anamjua Stevie Ward. Alikuwa nahodha wa Leeds, akastaafu Januari 2021 akiwa na miaka 27 kwa sababu ya kutikisika ubongo. Miaka 27! Burrow tulimzika 2024 kwa MND, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli. Sisemi raga ndiyo iliyomuua, hilo kwake halijathibitishwa. Lakini mama, ukikaa na klabu swali la kwanza liwe kichwa: akigongwa, nani anaamua kwamba harudi uwanjani, kocha au daktari? Na mwanao umwambie asifiche hata siku moja. Vijana wanaficha ili wasipoteze namba.

Kaka Mkubwa:
Kwa nini asihamie ile ya wachezaji 15? Huko ndiko kuna hela na Twickenham, uwanja mkubwa wa England.

Mzee wa Headingley:
Mkuu, njia hiyo ipo ila si rahisi. Jason Robinson alitoka Wigan, klabu ya raga ya 13, mwaka 2000 akaenda ya 15, na 2003 akaifungia England kwenye fainali ya Kombe la Dunia. Sam Burgess, mtoto wa Dewsbury, alihamia Bath, klabu ya raga ya 15, akiwa ametoka kuchukua ubingwa Sydney 2014 na mfupa wa shavu umevunjika, akacheza Kombe la Dunia 2015, halafu akarudi zake kwenye raga ya 13.

Fundi Umeme Hudd:
Mimi nilipita akademi, mkataba wa wakubwa sikupewa. Wengi wetu ndivyo ilivyokuwa. Mume wako ana hoja, dada, na hoja yake ni ya zamani kuliko sisi sote. Mwaka 1895 klabu za kaskazini zilikutana George Hotel hapa Huddersfield zikajitenga na chama cha raga cha England, kwa sababu wachimba makaa na watu wa viwandani walitaka kulipwa ujira waliopoteza wakienda kucheza. Mchezo huu ulianza na watu wenye kazi nyingine mkononi. Hata leo fedha si za mpira wa miguu: kikosi kizima cha Super League kina ukomo wa mishahara wa pauni milioni 2 na kidogo, na nyota wanachukua fungu kubwa. Chipukizi anapata cha kumtosha kodi ya nyumba na mafuta ya gari.

Lakini kusoma na akademi havigombani. Sheria ya England inamtaka awe kwenye masomo au mafunzo mpaka 18, akademi au asiende. Mimi nilikuwa mazoezini alfajiri, chuoni mchana. Cheti cha umeme nilichopata wakati ule ndicho kinachonilisha. Mwambie baba: uhasibu asome, raga acheze. Hata akisaini akiwa 18, goti moja tu likikatika mambo yamebadilika.

MamaWaWatatu:
Asanteni sana, nimemsomea baba yake maneno ya Fundi, kanyamaza halafu kauliza kikao ni lini. Tunakwenda wote wawili. Kuna wakala kapiga simu anataka kijana asaini kwake kwanza. Ni kawaida?

Fundi Umeme Hudd:
Wanapiga sana. Mwambie asubiri, kwa umri huu hana cha kukuongezea. Klabu ina mtu wa ustawi wa wachezaji, omba awepo kikaoni, na umuulize vijana wa mwaka jana walioachwa wako wapi sasa. Mkataba ombeni nakala mwende nao nyumbani, msisaini mezani pale.

Nesi Bradford:
Na la kichwa, mama, waandike.